Kizuka na Kilima cha Wajane

"Na ile fimbo ya nani?"

Mama aliuliza hivyo usiku wa pili. Kompyuta nilikuwa nimeipandisha juu ya kigoda, sisi tumekaa chini mkekani, yeye kajiegemeza ukutani na tasbihi mapajani. Kwenye kioo alikuwepo bwana mmoja wa joho jeusi, mkononi kashika bakora yenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha. Nikamwambia ni ya huyo bwana, ndivyo walivyokuwa wakitembea mabwana wa zamani.

"A-a. Si hiyo. Ile ya juu, inayomfuata."

Nikaangalia vizuri. Kweli, juu ya kichwa chake inaning'inia fimbo nyeusi, kila anakokwenda nayo inakwenda. Kipaza sauti. Aliyekishika alikishusha mno kikaingia kwenye picha, na hakuna aliyesema turudie.

"Hawakurudia?"

"Hawakurudia, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi afadhali hawa," akasema. "Wale wa siku hizi wamesafishwa mpaka hawana jasho."

Mchezo wenyewe unaitwa Dark Shadows. Ulioneshwa Marekani na kituo cha ABC kuanzia tarehe 27 Juni 1966 mpaka 2 Aprili 1971, siku tano kwa wiki, wakati wa alasiri, na watoto wa huko walikuwa wakitoka skuli mbio ili wauwahi. Sehemu 1,225. Aliyeuanzisha ni Dan Curtis. Walikuwa wakirikodi New York, kila siku na sehemu yake, na kuukata ukanda wa video zama zile ilikuwa kazi ya fedha nyingi, kwa hiyo kosa likitokea linabaki pale pale: ukuta unatikisika mlango ukifungwa, mwigizaji anasahau maneno anakodoa macho pembeni yalikoandikwa. Jonathan Frid, huyo mwenye joho, ndiye bingwa wa kusahau. Wiki ya mwanzo nilikuwa nikicheka. Baadaye nikaona kule kubabaika kunamkaa. Mtu aliyelala ndani ya jeneza miaka mia na sabini, maneno yote atayakumbuka vipi?

Mchezo nimeupata kwa binamu yangu anayeishi London. Alikuja mazikoni kwa baba, na siku ya kuondoka akaniachia diski. "Dada, anzia pale mwizi anapofungua jeneza," akaniambia. "Huko nyuma utakuja kupitia mwenyewe." Nikaiweka kabatini. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, daftari za kusahihisha hazijawahi kunipa nafasi ya kutazama vitu kama hivyo. Lakini mama alikuwa ndani ya eda, na usiku wa Wete, hapa Pemba, ni mrefu.

Kwa wasomaji wa bara: kwetu mwanamke aliyefiwa na mume, muda wote akiwa kwenye eda, huitwa kizuka. Na kizuka hicho hicho ndicho kinachokutokea njiani usiku ukatupa viatu ukakimbia. Mjane na mzuka lugha imewapa jina moja. Nimelisikia jina hilo tangu nazaliwa na halikunishtua hata siku moja, mpaka niliposikia mtu anamwita mama yangu: "Kizuka keshakula?" Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila udi, bila hina, bila kuvuka kizingiti ila kwa dharura. Tukawa tunatazama sehemu mbili kila baada ya Isha. Kutoka pale mwizi anapofungua jeneza mpaka pale linapofungwa ni kama sehemu 250. Hesabu ikaingia kwenye eda sawasawa, zikabaki siku za kuhesabu vidoleni.

Shangazi hakupenda. Alikuja siku moja akatukuta, akasimama mlangoni. "Nyumba ina msiba, na nyinyi mnatazama masanamu?"

"Hata huku ni msiba, wifi," mama akamjibu. "Njoo ukae."

Hakukaa. Lakini wiki iliyofuata alikuja akauliza kama yule daktari mwanamke keshapata dawa.

Jambo moja lilimuudhi mama tangu mwanzo: mchezo hauna rangi. Yeye televisheni aliiona kwanza Unguja, miaka ya 1970, alipokwenda kama mwali kwa jamaa zake baba, na televisheni ya Zanzibar ilianza na rangi moja kwa moja, wakati bara hawana kabisa na hawakuwa nayo mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo kumwonesha Wamarekani weusi na weupe kama picha ya pasi ilikuwa kama kumkosea. "Ndo hao matajiri?" Mchezo uliingia rangi Agosti 1967. Usiku tulioufikia huo mama alisema, "Ahaa, wamelipwa."

Nije kwenye machozi, maana ndiyo niliyoyakusudia. Mimi na mama tulilia wote wawili, lakini hatukulia pahala pamoja hata mara moja isipokuwa mwisho.

Hadithi kwa ufupi, kwa asiyeijua. Kuna jumba kubwa juu ya mwamba, Collinwood, nje ya mji mdogo wa wavuvi uitwao Collinsport, jimbo la Maine. Familia ya Collins wanamiliki kila kitu na hawana raha na chochote. Mwaka 1967 kibarua mmoja mhuni, Willie Loomis, anasikia kuwa kuna vito vimezikwa pamoja na mmoja wa wazee wao. Anaingia kwenye mava ya familia usiku, anakuta chumba cha siri, ndani yake jeneza limezungushiwa minyororo. Anaikata. Anafunua. Mkono unatoka unamkaba koo. Siku ya pili anabisha hodi Collinwood bwana mmoja mwenye adabu zake, anasema ni binamu yao Barnabas kutoka Uingereza.

"Mumiani," mama akasema kabla sijamaliza kutafsiri.

Neno mnyonya damu nililokuwa nimeliandaa likanikwama. Ni mumiani kweli, wa kutishiwa watoto, anayechukua watu kwa ajili ya damu yao. Na baadaye, tulipofika pale popo anapoingia dirishani kumuuma Barnabas, mama alikumbuka mwaka 1995, alipozuka popobawa, jini la usiku, hapa Pemba, tukawa tunalala uani watu wa nyumba tatu pamoja na moto unawaka. Mimi nilikuwa mdogo, kwangu ilikuwa kama sikukuu. Yeye anakumbuka kuhesabu vichwa vyetu usiku kucha.

Kilio cha kwanza kilikuwa chake, na kilinishangaza. Mwenye jumba ni Elizabeth Collins Stoddard, anaigizwa na Joan Bennett, mtu mzima, nywele zimewekwa sawa, shingo haipindi. Huyu hajatoka nje ya nyumba yake miaka 18. Kisa ni kuwa aligombana na mumewe, Paul, akampiga, akaamini amemuua, na rafiki wa mume, Jason McGuire, akamwambia usijali, nitamzika chini ya sakafu ya ghala. Tangu hapo anakaa juu ya kaburi, ufunguo wa chumba kile hauachi mkono wake. Jason anarudi baada ya miaka yote hiyo, anamkamua fedha, mwisho anamlazimisha wafunge ndoa. Siku ya ndoa, mbele ya watu, Elizabeth anashindwa, anasema wazi: nilimuua mume wangu. Wanakwenda chini na taa, wanachimba, wanalitoa sanduku, wanalifungua.

Halina kitu. Paul hakufa. Walipanga yeye na Jason, wakagawana fedha, akenda zake.

Mimi nilisema, "Alhamdulillahi, si muuaji!" Nikageuka, mama anafuta macho kwa pindo la kanga.

"Miaka 18," akasema. "Miye miezi hii minne kiuno kimeniuma. Nani atamrejeshea?"

Nilitaka kumwambia tusitazame tena. Akanambia niweke ya pili.

Josette kwangu mimi ndiye. Mchezo unarudi nyuma mpaka mwaka 1795, ili tuone Barnabas alivyokuwa kabla ya kuwa hivyo, na hapo ndipo mchezo unapokuwa kitu kingine kabisa. Waigizaji ni wale wale, majina mapya. Barnabas ni kijana wa watu, anamsubiri mchumba wake Josette kutoka Martinique. Josette anakuja na mjakazi, Angelique, na huyo mjakazi ana elimu yake, tena aliwahi kuwa na Barnabas kule kisiwani. Basi anawafunga Josette na Jeremiah, ami yake Barnabas, wapendane bila kupenda. Wanatoroka, wanaoana. Barnabas anamuua Jeremiah kwa bastola katika pambano la heshima, ndiyo mila yao. Kisha anamuoa Angelique mwenyewe, anagundua ni mchawi, anampiga risasi. Na yeye, akidhani anakufa, anamlaani: kila atakayekupenda atakufa. Hapo ndipo popo.

(Mama alisikiliza yote hayo kwa utulivu wa mtu anayesikiliza habari za mtaani. Kwa mtu wa Pemba hapakuwa na jipya isipokuwa bastola.)

Josette bado anampenda. Barnabas, keshakuwa mumiani, anataka kumgeuza awe kama yeye ili wasiachane tena. Josette yuko tayari, hajui anachokikubali. Angelique ndiye anayemwonesha sura atakayokuwa nayo. Usiku huo Josette anakimbilia juu ya mwamba unaoitwa Kilima cha Wajane, kwa sababu wanawake wa mji ule walikuwa wakisimama pale kuwangoja wanaume wasiorudi baharini, na upepo ukivuma husikika wakilia. Chini mawimbi na majabali. Nyuma anakuja Barnabas anamwita kwa jina, polepole, kwa sauti ya mtu anayempenda. Josette anajirusha.

Kathryn Leigh Scott ndiye aliyekuwa Josette. Jabali ni la mbao na boksi, ukitazama sana unaliona. Hata hivyo nililia mpaka nikatoka ukumbini. Kilichoniua ni ile sauti. Hakuna ubaya ndani yake. Angemkemea, angemtisha, ningejua pa kuegemea. Anamwita tu, na kule kuitwa ndiko kunakomsukuma.

Mama macho makavu. Yeye alitazama bahari ile ya bandia akanyamaza muda. Hapa kwetu huhitaji kwenda Maine kumkuta mwanamke anayeitazama bahari hivyo. Tangu ile meli izame Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, wapo wengi. Kisha akasema, "Yule kaokoka. Analiliwa anayebaki."

Tulibishana usiku ule. Nilimwambia mama, msichana wa watu kafa, kaokoka nini. Akasema mimi bado mtoto. Nina umri wa miaka 38 na mtoto wangu wa kwanza yuko darasa la sita.

Kuhusu Sarah tulikaribia kukubaliana. Sarah ni mdogo wake Barnabas, kitoto cha kike cha kofia nyeupe, na ukimwona mara ya kwanza keshakufa zamani. Anawatokea watu wa 1967 na zumari yake, anaimba wimbo wa watoto, anacheza na David, mtoto wa nyumba ile. Maggie, msichana aliyefungiwa na Barnabas ili ageuzwe Josette wa pili, anatorokeshwa na Sarah. Kila mtu anamwona. Kaka yake peke yake ndiye asiyemwona. Barnabas akisikia kuwa mtoto yule alikuwa hapa, dakika hii hii, anakimbia, anaita gizani, Sarah, Sarah, naye ndiye mtisha watu wa mchezo mzima. Halafu usiku mmoja, pale anapotaka kumdhuru daktari Julia Hoffman, Sarah anamtokea hatimaye. Anamgombeza. Anamwambia hatarudi tena mpaka ajifunze kuwa mwema. Anaondoka.

Hilo tuliliona kwanza. Wiki chache mbele, kule 1795, ndipo tukaona alivyokufa: mtoto anamfuata kaka yake usiku, anamkuta na damu mdomoni, anakimbia kwenye baridi, anapotea, anaugua, anafia mikononi mwake Barnabas. Huu ndio werevu wa waliouandika mchezo. Wangetuonesha kifo kwanza tungelia tukanyanyuka. Lakini tulikuwa tunajua tayari kuwa mtoto huyu, miaka mia na sabini mbele, atakuja kumwambia sirudi. Barnabas kampakata, anambembeleza, na mimi nikawa nasikia lile neno ambalo halijasemwa bado.

"Kaka yake hakumdhuru," mama akasema.

"Hakumgusa."

"Kamwona tu."

"Kamwona tu."

Tasbihi ikaanza kwenda haraka mkononi mwake. Nikajua hatuzungumzi tena habari za Sarah.

Iko na ya Jenny, ya sehemu za mwaka 1969, mwanamke aliyefungiwa chumbani kwa wazimu, anabembeleza masanamu akidhani ni wanawe. Hiyo nimeitazama peke yangu baadaye, na sina hamu ya kuieleza. Na filamu iliyotolewa 2012 kwa jina hilo hilo msinitajie, wamefanya mzaha. Kilichonigusa humo ni kimoja: Jonathan Frid mwenyewe, mzee wa miaka 86, anaonekana kidogo tu kama mgeni kwenye karamu. Alifariki Aprili mwaka ule ule, filamu haijatoka.

Sasa la nyumbani.

Nina mdogo wangu wa kiume, mziwanda wa mama. Alikwenda Unguja kutafuta kazi akarudi na unga, ule wa kulevya. Sitaeleza sana, kila mtaa wa visiwa hivi unayo hadithi hii, badilisha jina tu. Zikaondoka sufuria, ikaondoka redio, ikaondoka cherehani ya mama. Baba alivumilia. Baba alikuwa mtu wa mizani, miaka mingi alipima karafuu za watu kituoni na hakuna aliyewahi kusema kapunjwa. Alikuwa akicheka watu waendao kwa waganga, na mwaka ule alikwenda, usiku, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, kwa mzee mmoja wa shamba. Haikusaidia. Kisha likaondoka gunia la karafuu kavu lililokuwa ukumbini, na halikuwa letu, lilikuwa la jirani, amana.

Baba akanunua mnyororo na kufuli akafunga mlango wa uani. Wa mbele alitia komeo kwa ndani.

Usiku wa tatu alikuja. Nilikuwa nyumbani siku zile, nimejifungua. Alibisha wa mbele, akazunguka wa uani, akabisha. Hakutukana. Alikuwa na arosto ya kukosa unga, meno yanagongana unayasikia, anasema, "Baba, baridi." Kwetu ilikuwa Machi, joto la kukausha mate. Nilitoka na mwanangu kifuani nikamkuta baba amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, kiganja chake cha kulia kimelala juu ya ubao, wazi, kama mtu anayepapasa tumbo la mgonjwa. Nje unabishwa, na kila ukibishwa mkono wa baba unatikisika. Hakuutoa. Alikaa hivyo mpaka adhana ya Alfajiri. Tulipofungua hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile akiulizwa, baba alijibu, "Yupo Maskati, kapata kazi." Miaka sita. Alilisema vizuri kiasi kwamba watu walianza kutuagizia manukato.

Mtoto yupo Unguja. Alilala mitaani, akaingia nyumba ya kuwasaidia walioacha, akatoka, akaingia tena. Mwaka wa pili huu hajagusa. Kuna sheria zao, simu anapewa Ijumaa baada ya sala. Alikuja kumzika baba, alifuatana na msimamizi wake, akateremka kaburini yeye na ami. Makaburini mzee mmoja akamshika mkono, "Umefika lini kutoka Maskati?" Akajibu, "Jana." Jioni yake akarudi Unguja. Mimi humpigia kila Ijumaa, nikimaliza humwambia mama, kakusalimu. Mama hujibu salamu kikamilifu, haulizi neno.

Tulipofika kwa Joshua zilikuwa zimebaki siku tano eda iishe.

Joshua Collins ndiye baba yake Barnabas, Louis Edmonds anamwigiza. Mzee wa jina. Mkewe anamwogopa, mwanawe anamwogopa, hacheki, haombi samahani. Mama alikuwa hampendi tangu mwanzo, akimwona tu husonya. Na mchezo unampeleka kidogo kidogo. Mtoto wa kike kafa. Mtoto wa kiume ndiye huyo, anakwenda bandarini usiku asipotaka kwenda, anarudi na damu ya mtu. Joshua, ambaye uchawi hauamini hata chembe, anamtafuta mganga, mwanamke mzee Bathia Mapes. Anajitahidi, anakufa kazini. Naomi, mama yake Barnabas, anajua ukweli anakunywa sumu. Hapo mama aligeuza uso. "Mama hafanyi vile," akasema kwa hasira. "Mama hukaa."

Barnabas anamwomba baba yake amuue. Risasi za fedha zipo. Joshua anateremka mavani na bastola, mchana, mwanawe kalala kwenye jeneza hajiwezi. Anasimama. Uso wa Louis Edmonds pale sijui nikuelezeni vipi. Mtu aliyekuwa jiwe sehemu tisini, na ghafla ni kizee. Mkono haunyanyuki. Badala yake anamwamuru Ben, mtumishi wao, alete minyororo.

Nilikuwa natafsiri. Nilitafsiri mnyororo. Nilitafsiri kufunga. Kisha ni yale Joshua anayotaka yasemwe: watu waambiwe Barnabas kasafiri, kenda Uingereza. Hiyo ilinichukua muda kuitoa mdomoni.

Mama alikuwa haitazami tena kompyuta. Alikuwa anatazama mlango wa uani, ambao siku hizi hauna mnyororo, una tundu mbili tu zilizobaki kwenye ubao.

"Na wao wana Maskati yao," akasema.

Mchezo uliisha, nyimbo ikapiga, majina yakapita. Sikuigusa. Tulikuwa tunalia wote wawili, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Nje paka wa jirani alikuwa anapindua kifuniko cha pipa.

"Alikaa humo mpaka lini?"

"Mpaka 1967."

"Nani alimtoa?"

"Umesahau? Yule Willie, wa siku ya kwanza. Alikuwa anatafuta dhahabu."

"Mwizi."

"Mwizi."

Akaanza kucheka, mkono mdomoni kama anavyocheka akiwa na wageni, mabega yanamtikisika. "Baba mtu kashindwa, mama mtu kashindwa, mwizi ndo aliyefungua." Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Akanywa mafunda mawili, akaiweka gilasi chini kwa uangalifu, akaisogeza mbali na mkeka.

"Lile kufuli la baba yako lilikuja na funguo mbili," akasema. "Wa pili nilikuwa nao miye. Usiku ule nilikuwa nao."

Sikusema kitu.

"Leo siku gani?"

"Alkhamisi."

Akaanza kukunja blangeti lake, pembe kwa pembe.

"Basi kesho usije ukanambia kakusalimu. N'letee simu yenyewe."